Mwaka mmoja na kadi ya bima ya kikundi: ya mkaanga samaki wa Feri

Kadi yangu ya bima ya afya imeisha muda wake tarehe 14 Julai mwaka huu wa 2025. Ninayo hapa mezani naandika. Ni ya plastiki, kona moja imekunjika, na picha yangu imefifia kwa mafuta kwa sababu nilikuwa naiweka kwenye pochi ile ile ya chenji. Wengi wameniuliza kama inafaa, pale sokoni na huku kwetu Kigamboni, nikaona niandike mara moja kila mtu asome. Nikitoa nyota, natoa tatu kati ya tano. Kuna siku moja mwezi wa kumi na moja ningeipa moja tu, na kuna asubuhi moja ya Februari ningeipa zote tano na kuomba za nyongeza.

Jina la kampuni siandiki. Wakala aliyetuuzia ni mtoto wa jirani, nimemwona akikua, na mengi yaliyonikwaza hayakuwa ya kwake. Hospitali nazo sizitaji.

Mimi nakaanga samaki soko la Feri, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Navuka na pantoni alfajiri, nafika mnadani jua halijatoka, nanunua vibua au changu kwa bei itakayoamuliwa siku hiyo, napara, natia chumvi, naingia kwenye karai. Kuna siku natoka na faida ya elfu ishirini. Kuna siku bahari imechafuka, mashua hazikwenda, narudi nyumbani na hasara ya kuni na barafu. Tuko wanawake 22 kwenye kikoba kimoja cha kuweka na kukopa, wakaangaji, wauza ngisi, wawili wanapika wali, na hesabu zetu zote zinafanana: pesa inakuja kwa siku, na kila siku ina bei yake.

Kadi ilikuwa ya kikundi. Kampuni ilitaka watu wasiopungua 20. Kwangu mimi na watoto wangu watatu ilikuwa sh 144,000 kwa mwaka. Matibabu ya kwenda na kurudi yana kikomo chake, kulazwa kuna kikomo chake kikubwa zaidi, kujifungua kumo, meno na miwani havimo. Kuna orodha ya zahanati na hospitali unakoweza kwenda, karatasi mbili, na kwa upande wa Kigamboni vituo vilikuwa vichache kuliko upande wa mjini. Hilo mtu aliangalie kabla ya kulipa.

Sasa nirudi kwenye hiyo 144,000, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Igawe kwa miezi kumi na miwili, inakuja 12,000. Igawe tena kwa siku thelathini, inakuja 400. Mia nne ndiyo nauli yangu ya pantoni: mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Katika miaka yote hii sijawahi kulala ng'ambo kwa kukosa nauli. Hata siku ya hasara mia nne ipo. Lakini 144,000 kwa mkupuo sijawahi kuishika ikiwa haina mwenyewe. Ikifika mkononi imeshasemewa: hii ya kodi ya nyumba, hii ya sare za shule, hii ya ndoo ya mafuta ya lita ishirini ambayo bila hiyo kesho sifungui kazi. Wakala alipotuletea karatasi mara ya kwanza, mwaka juzi, alituambia kwa moyo safi kabisa kwamba ni shilingi mia nne tu kwa siku. Tukafurahi. Tukamuuliza, haya, hiyo mia nne tunakupa wewe kila siku? Akasema hapana, mnalipa yote kwa pamoja ndipo kadi zinatoka. Kikao kikaishia hapo, mwaka mzima ukapita.

Tulichofanya baadaye nakieleza vizuri, kwa sababu kuna vikundi vingine vinaweza kukichukua kama kilivyo. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii, ule wa misiba na uzazi, kila mmoja anatia elfu moja kwa wiki mbali na hisa. Katibu wetu akatoa wazo kwamba mfuko huo uwakopeshe wanachama pesa ya bima bila riba, nao warudishe elfu tatu tatu kila Jumamosi kwa Jumamosi 48. Tulibishana sana. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na mmoja wao alisema hatafungua kwa ajili ya kampuni asiyoijua ofisi yake. Alikuwa na haki. Tukatuma wanawake wawili mjini wakaione ofisi, wakarudi na namba za simu na karatasi yenye mhuri. Kumi wakalipa kwa pesa zao wenyewe, kumi na wawili tukakopeshwa, sh 1,728,000 ikatoka kwenye sanduku siku moja. Nilimwona mweka hazina wetu akizihesabu mara tatu, midomo inamtetemeka. Zote zilirudi. Hata aliyefiwa na mume katikati ya mwaka alimaliza deni lake, akachelewa wiki tano tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanawake wa sokoni hawawezi kulipia bima, namwambia njoo uone daftari letu. Tunaweza kwa elfu tatu ya Jumamosi. Laki na nusu ya siku moja ndiyo inayotushinda.

Siku ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Kijana mwenye toroli la barafu alikuwa anakatiza kati ya majiko, gurudumu likagonga figa langu, karai likainama upande wangu. Mafuta yalinimwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi juu ya kiganja. Sikupiga kelele kwanza. Nilitazama ngozi inavyobadilika rangi, ndipo sauti ikatoka. Mwenzangu mmoja akaja mbio na dawa ya meno, mwenyekiti akamkemea vikali, akanishika mkono akauweka chini ya bomba, akanishikilia hapo muda mrefu mpaka maji yakaanza kuniuma kwa baridi. Kisha wakaufunika kwa kanga safi iliyoloweshwa na kuniingiza kwenye bajaji.

Nilikwenda hospitali iliyomo kwenye orodha, ya binafsi, si mbali. Saa tatu na dakika kumi nilikuwa mbele ya dirisha la bima. Kijana akachukua kadi, akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Mama, huonekani kwenye mfumo."

Nikamwambia, "Mwanangu, niko hapa mbele yako."

Akasema pole mama, naelewa, ila bila mfumo kukusoma siwezi kukufungulia faili la bima, labda ulipe taslimu halafu ukadai kwenye kampuni yako. Hakuwa na ukali wowote. Nilikuwa na sh 14,000 kwenye pochi, na mtaji wangu wote wa siku hiyo ulikuwa umemwagika sakafuni Feri. Nikakaa kwenye benchi. Nikampigia wakala, akapiga ofisini, ofisini wakasema wanaangalia. Kanga ilianza kukauka na kushika kwenye kidonda. Saa sita kasorobo nesi mmoja mtu mzima alipita mara ya pili, akasimama, akauliza kwa sauti, "Huyu mama anasubiri nini tangu asubuhi?" Hakungoja jibu. Akaniinua, akaniingiza chumba cha vidonda, akanisafisha na kunifunga, akasema karatasi zitafuata. Yule nesi namwombea mpaka leo.

Karatasi zilifuata saa saba kasoro. Tatizo lilikuwa namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu ishirini, na kwenye orodha ya kikundi iliyotumwa hospitalini moja ilikuwa imekosewa. Tarakimu moja. Wenzangu watatu wa kundi letu nao tuliwakuta wamekosewa, tukarekebisha siku ile ile, na tangu hapo sijazuiwa tena dirishani. Lakini fikiri angekuwa mtoto, au fikiri ingekuwa kifua.

Na bado dawa ya kupaka ya kidonda cha moto haikuwemo. Daktari aliandika, dirisha la dawa likasema hii bima yako hailipi, kanunue nje. Sh 9,000 kwenye famasi ya ng'ambo ya barabara. Sentensi hiyo, "kanunue nje", kila mtu wa Dar es Salaam ameisikia, mwenye bima na asiye na bima. Kwa mgonjwa wa kawaida dawa ndiyo matibabu yenyewe. Kadi inayolipia kumwona daktari ikakuacha kwenye dawa imekufikisha mlangoni tu.

Jingine linaloondoa nyota ni kuhusu mwanangu wa pili. Ana pumu. Moshi wa kuni nguoni mwangu haumsaidii, nalijua hilo na huwa nabadilisha nguo kabla sijamkumbatia. Nilipojiunga, yeye ndiye niliyekuwa namfikiria zaidi. Nilipokwenda kumchukulia dawa yake ya kuvuta mwezi wa pili wa bima, nikaambiwa magonjwa ya kudumu yana kipindi cha kusubiri cha miezi sita. Imeandikwa kwenye ukurasa wa nne kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Wakala hakutuambia. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hata mimi hawakunifundisha hilo." Namwamini.

Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikalifikiria upande wa pili, na hapa naomba wenzangu wasinichukie. Kama kila mama anayejiunga anajiunga kwa sababu ana mtoto mgonjwa, pesa itatoka wapi? Nilikuwa najua hili kidogo kwa sababu ya yale ya Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wengi mnaikumbuka, sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, mzazi anamwandikisha mwanawe mmoja mmoja. Machi 2023 uandikishaji wa namna ile ukasitishwa, wazazi wakalia nchi nzima, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba walioandikishwa wengi ni watoto ambao tayari wanaumwa, gharama zikazidi michango. Baadaye ikarejeshwa. Wakati ule niliona ni ukatili kumwambia mzazi mtoto wake anaumwa sana kwa hiyo hafai. Bado naona hivyo. Ila naelewa sasa kwamba dawa yake si kuwafungia mlango wagonjwa. Dawa yake ni wazima waingie pia, wote, ili wengi wachangie na wachache waumwe.

Sasa ile asubuhi ya Februari. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita. Angekuwa chini ya mitano, msamaha wa serikali ungemhusu kwenye vituo vya umma, lakini sita ni sita. Aliamka usiku anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tukavuka na pantoni saa kumi usiku, nimembeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu yake inaning'inia. Nimonia. Picha ya kifua, oksijeni, sindano, siku tatu usiku na mchana. Safari hii dirishani tulisomeka mara moja. Asubuhi ya nne daktari akasema mnaweza kwenda, nikapewa karatasi nisaini. Juu yake imeandikwa 268,500. Nikamuuliza yule dada wa mapokezi nalipa wapi, akasema, "Umeshamaliza mama, saini tu hapo."

Nilisaini nikakaa tena kwenye kiti, miguu haikutaka kusimama. Mwaka 2019 huyu wa pili alilazwa kwa pumu na nilitoka kwa kuuza friji. Lilikuwa friji langu la kuhifadhia samaki wanaobaki, nililinunua kwa miaka miwili ya hisa. Baada ya kuliuza nilikuwa nanunua barafu kila siku, na samaki wa jioni nawatupa au nawauza kwa bei ya kutupa. Mtoto alipona kwa siku nne, mtaji haukupona kwa miaka mitatu. Ndiyo maana nasema kadi hii ilinirudishia pesa yake na zaidi kwa siku tatu tu za Februari, na ndiyo maana pamoja na yote niliyoyasema hapo juu siwezi kuipa chini ya nyota tatu.

Jumamosi tukimaliza kuhesabu, mazungumzo mwaka huu wa 2025 ni hayo hayo: Bima ya Afya kwa Wote, ile ya serikali ya kila Mtanzania, itakuja lini na itakuja vipi. Sheria ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kabla ya hapo muswada ulipelekwa mwaka 2022, ukarudi nyuma kwa sababu swali la pesa za wasio na uwezo lilikuwa halijajibika. Tunakumbuka takwimu iliyotajwa wakati ule, sh 340,000 kwa kaya ya watu sita, 84,000 kwa mtu mmoja. Soko zima lilichemka. Wengine walichukia zaidi ile habari ya kufungamanisha bima na leseni ya biashara na leseni ya udereva, kwamba huna bima hupewi. Watu walipiga kelele na zile kelele zilisikika. Napenda kulikumbusha hili kwa sababu kuna wanaosema maoni ya wananchi hayabadilishi kitu.

Bibi mmoja katika kikundi chetu, tunamwamkia wote shikamoo, yeye hataki hata kusikia neno bima. Anasema yeye alizaa watoto wanne hospitali ya serikali bila kutoa hata thumni, uchangiaji ulikuja miaka ya tisini, na tangu hapo mnatafutiana majina tu ya kulipisha watu. Si mtu wa kupuuza, anajua anachokisema, uchangiaji ulianza kweli 1993. Nilimuuliza, bibi, na dawa zilikuwepo wakati huo wa bure? Akafikiri. Akasema mwanzoni zilikuwepo, mwishoni tulikuwa tunaandikiwa panadol.

Msichana wa ngisi, mdogo wetu kuliko wote, yeye ndiye aliyekataa kujiunga mwaka jana mpaka tukambembeleza kwa sababu idadi ilikuwa haijafika. Anasema hajaumwa miaka mitatu, kwa nini alipe ya kuumwa kwa mwingine? Swali la haki kwa mtu wa miaka ishirini na tatu anayepanga chumba. Mwenyekiti alimjibu kwa namna ambayo mimi nisingeweza. Alimwambia, "Mwanangu, mfuko wa misiba unatia elfu moja kila wiki, mbona hulalamiki hujafa?" Hakujibu, lakini mwezi wa tano mimba yake ilipoharibika alilazwa siku moja na kusafishwa kwa kadi ile, na sasa ndiye anayeuliza kadi tutaifufua lini.

Kuna suala la idadi ya watu sita. Hiyo ya kaya inahesabu watu sita, kama ilivyo kwa watumishi wa serikali kwenye Mfuko wa Taifa, mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Kwetu kuna mama analea wajukuu watano na watoto wake wawili wa mwisho. Atamwacha nani nje? Aliuliza hivyo, tukabaki tunatazama chini.

Kaka yangu ni mwalimu. Yeye anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine, na pesa hiyo haijawahi kupita mkononi mwake, kwa hiyo haimuumi. Hata yeye anayo ya kusema, maana Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha kwa siku kadhaa kuwahudumia wenye kadi za Mfuko kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma ambazo Mfuko unalipia. Alinipigia siku hiyo akaniambia dada, kadi tunayo lakini leo ni plastiki. Kwa hiyo sizungumzi kana kwamba wenye mishahara wako peponi. Nazungumzia namna ya kulipa tu. Yake inakatwa kidogo kidogo kabla hajaiona. Mimi naambiwa nilete ya mwaka mzima siku moja.

Dada wa mwenzetu mmoja anaishi Mombasa. Kenya walibadilisha mfumo wao Oktoba 2024, wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, ila wa kujiajiri wakatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Watu wa jua kali na wa sokoni wakakwama pale pale tulipokwama sisi. Sasa wameanzisha utaratibu wa kukopeshwa hiyo pesa na kuirudisha pole pole. Niliposikia nilishtuka, maana ndicho tulichofanya sisi kwa sanduku la kufuli tatu bila kuelekezwa na serikali yoyote.

Ombi langu kwa wanaoandaa Bima ya Afya kwa Wote ni hilo moja, na nalirudia kwa kila anayenisikiliza. Msibishane bei ya mwaka tu. Wekeni namna ya kulipa mia nne, elfu tatu, elfu tano, kwa simu, siku mtu anayopata. Simu zetu zinapokea na kutuma pesa kila saa pale mnadani, hakuna asiyejua kutuma. Na kadi isikatike kwa sababu ya wiki mbili za bahari mbaya. Yale mapato yaliyotajwa kwenye sheria, ya kodi za vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha, yaende kweli kwa yule mama mwenye wajukuu watano, na dawa ziwepo dirishani. Bila dawa, bei yoyote ni kubwa.

Kwa anayetaka kununua kadi kama hii kabla ya hiyo kubwa haijafika, muulizeni wakala mbele ya watu: magonjwa ya kudumu yanaanza kulipiwa lini, dawa gani haimo, na vituo vipi viko karibu na unapolala, maana watoto huzidiwa usiku. Ukishapewa kadi, usingoje kuumwa. Nenda siku ya pili na kadi na kitambulisho kwenye hospitali yenyewe, mwambie kijana wa dirishani aangalie kama unasomeka. Mimi ningefanya hivyo Julai, nisingekaa benchi Novemba. Na mkataba mwombe wa Kiswahili. Tuliomba safari hii, wametuletea, kurasa sita, ile ya miezi sita ya kusubiri sasa iko ukurasa wa kwanza.

Kidonda kimepona. Kimeacha alama ya rangi mbili hadi kiganjani, na mkono ukikaa karibu na moto unawasha, kwa hiyo nakaanga kwa mkono wa kulia na kugeuza kwa upawa mrefu. Mwezi huu wa nane tuko bila kadi, wote 22, kwa sababu tumekubaliana kuihamishia Januari. Kikoba tunakivunja Desemba, kila mtu anaondoka na hisa zake, na hapo ndipo pesa inakuwa mkononi kweli. Kampuni wamekubali. Miezi mitano bila kadi inanitia hofu, hasa usiku pumu ya mtoto ikianza, na dawa yake ya kuvuta sasa nainunua mwenyewe. Nimeweka kibubu juu ya kabati, kila nikirudi natia mia nne kabla sijavua viatu. Juzi nilikitikisa, hakisikiki tena kwa kelele, kimeanza kuwa kizito.